Mjukuu wangu anadhani namwamuru kwa sababu simtaki

Marahaba, ingawa hamjaniamkia. Wewe unayesoma hapa, mara ya mwisho ulikanyaga lini kwa bibi yako? Kimya. Nilijua. Miguu unayo, nauli unayo, unachokosa ni aibu.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, shule sikuipitia hata dirishani. Naishi Keza, Ngara. Anayeandika haya ni mkamwana wangu, na nimemkataza kupamba.

Binti yangu aliolewa Hispania, akafia huko. Baada ya msiba mkwe wangu aliniletea mtoto wao wa miaka tisa, nimwite Lusia, akae nami wakati yeye anajipanga. Kiswahili hajui, Kihangaza ndiyo kabisa. Anajua Kihispania tu.

Nikamwendea sista mmoja Mhispania parokiani. "Sista, nipe maneno ya kulea mtoto. Kaa, lala, rudi."

Akacheka. "Bibi, umechagua magumu. Kulala ni dormir, lakini ukimwamuru mtoto ni duerme. Kurudi ni volver, ukiamuru ni vuelve. Neno linageuka katikati."

"Kwa nini lisitulie?"

"Mbona lenu la kuja, mkiamuru linakuwa njoo?"

Nikayabeba hivyo hivyo mpaka shambani. Nikapalilia maharage nikikariri duerme, vuelve, siéntate, mpaka jirani akauliza, "Mama, unaongea na maharage?" Nikamjibu, "Ndiyo, na yanasikia kuliko wewe."

Mtoto akawa ananitii. Nikisema siéntate, anakaa. Nikisema duerme, anafumba macho hapo hapo. Nikajua tumeelewana. Kwetu anayekupenda anakuamuru: kula! jifunike! Asiyekutaka ndiye anayekuuliza kama utapenda kula.

Wiki iliyopita sista alikuja nyumbani, akaongea na Lusia muda mrefu. Mtoto akalia. Sista akaniambia polepole, "Bibi, anasema unampa amri tu, kama askari. Mama yake alikuwa anamuuliza. Anaamini humtaki, ndiyo maana anafumba macho haraka, asikuudhi."

Nilikaa chini pale pale. Miezi yote hiyo mtoto wa marehemu binti yangu alikuwa ananiogopa, na mimi nikajisifu kwa majirani kwamba ana adabu.

Jumamosi baba yake anakuja. Amesema Lusia achague mwenyewe, abaki au aondoke. Sista yuko tayari kunifundisha namna ya kumwomba abaki, kwa Kihispania. Lakini nikimwomba, si namtwisha mtoto uzee wangu? Nikinyamaza, ataondoka akijua bibi yake hakumtaka. Amri ya kubaki ninayo tayari mdomoni, na najua akiisikia atatii. Hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote.

Nishaurini, wajukuu zangu. Nimwambie nini mtoto huyu kabla ya Jumamosi?

Na wewe, ukifika kwa bibi yako akakufokea, "Kaa hapo, kula!" usinune. Kaa, kula, halafu mwambie kwa mdomo wako kwamba umemwelewa.