Tangazo Lililokaa Kwenye Droo

Mlezi wa bweni la wasichana pale chuoni aliitwa Mama Funguo, kwa ajili ya kishada cha funguo kilichoning'inia kiunoni mwake. Unamsikia kabla hujamwona, na waliopika vyumbani kinyume cha sheria walimshukuru Mungu kwa hilo.

Mwaka huo vitanda havikutosha. Waliokosa nafasi walibanana na wenzao, wawili kitanda kimoja. Mama Funguo alijua, akafumba macho. Lakini waya wa umeme ulipozidiwa ukaungua ghorofa ya pili, mkuu wa mabweni aliamuru kila asiye na kitanda aandikwe jina na kutolewa.

Katika chumba namba 214 mlezi alimkuta binti wa mwaka wa pili amejikunja nyuma ya kabati. Wenzake walimwita Twiga kwa urefu wake, na twiga hafichiki. Mama Funguo alimwandika. Binti alifunga begi lake.

Wiki tatu baadaye rafiki yake alikuja kumwambia mlezi kwamba Twiga analala leo kwa huyu, kesho kwa yule, na darasani haonekani. Mama Funguo alimtafuta, akampata maktaba. Alimuuliza mbona hakuomba usaidizi wa ghorofa, ile kazi ambayo mwanafunzi huwaangalia wageni wa mwaka wa kwanza na kupewa kitanda chake.

"Sikuona tangazo lolote, mama," alisema Twiga.

Mama Funguo alirudi ofisini. Kwenye droo, chini ya boksi la balbu, yalikuwepo matangazo manne yenye mhuri. Alipewa ayabandike mwanzo wa muhula. Kioo cha ubao kilikuwa kimevunjika, akasema ngoja fundi aje. Fundi hakuja, naye akasahau. Nafasi zote zilikwenda kwa wasichana wa bweni la jirani.

Angeweza kuyachana, na nani angejua? Siku mbili aliyaacha pale pale. Siku ya tatu aliyapeleka kwa mkuu. Alipewa barua ya onyo na kuambiwa nafasi zikishajazwa hazirudi.

Kisha alimwendea Twiga, akamweleza yote.

"Ungeniacha tu niendelee kukuona mtu mwema," alisema Twiga. "Ile siku ya kabati nilikutetea. Niliwaambia wenzangu, mama wa watu anafanya kazi yake."

Mama Funguo alimwomba aje kukaa kwake, katika chumba cha bintiye aliyekwisha kuolewa. Twiga alikataa. Mitihani ilipokaribia na milango ya marafiki kuanza kuwa mizito, alikuja na begi lake.

Masomo mawili yalimwangusha, itabidi ayarudie. Hakumkosea adabu mwenyeji wake hata siku moja. Humwamkia asubuhi, hufagia, huosha vyombo, kisha hujifungia kusoma. Mama Funguo humsikia akicheka kwenye simu na rafiki yake, na binti akitokea sebuleni kicheko hukatika.

Hutoka nyumbani pamoja. Wakikaribia lango la chuo, Twiga huongeza mwendo, na kwa miguu ile mirefu mama wa watu hana namna ya kumfikia.