Mkono wa Gia Uliokatwa

Oili ya gia inanuka kama yai viza lililokaangwa juu ya mpira wa baiskeli. Watu wengine wakiisikia wanaziba pua. Mimi magoti yananiuma, na hasira zinapanda palepale hata kama nilikuwa nacheka. Juzi jirani yangu kafungua gia boksi ya gari lake hapa uani, nikatoka na mwiko mkononi nikamgombeza bila kosa. Maskini, akaomba radhi. Hajui kwamba mimi nagombana na mtu mwingine, tena alishakufa zamani: mjomba wangu Hamisi.

Baba yangu alikuwa na Landrova. Aliikuta kwenye shamba la mkonge imechakaa mpaka kuku wanatagia ndani, akaifufua mwenyewe, ikawa inabeba korosho na watu kutoka kwetu Mahurunga mpaka Mtwara mjini. Lakini mkono wake wa gia, jamani! Mrefu kama mwichi wa kutwangia. Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, Baba alianza kuusukuma tukiwa mlangoni kwetu, unakuja kuingia watu wa kijiji cha mbele washapika wakala. Rivasi ndiyo usiniulize. Mkono ulilala wote upande wa abiria kama mlevi anayetafuta bega.

Kwa hiyo pale katikati mtu mzima haenei. Akikaa, gia inagota kwenye mapaja yake na gari haliendi. Ndipo nafasi ile ikawa yangu mimi, kitoto cha kike chenye miguu kama vijiti vya mihogo. Nilikaa mbele kama bibi harusi! Kila gia ikibadilishwa, goti langu paa! Na kila likigongwa, Baba, macho barabarani, analifunika kwa kiganja chake kinachonuka oili, analisugua. "Pole, mama." Mbele kidogo, paa! "Pole, mama." Tukifika Mtwara nilishapewa pole nyingi kuliko wafiwa wa wilaya nzima.

Sasa ndiyo aje mjomba Hamisi kutoka Kilambo, kaka yake Mama. Na sisi Wamakonde wa kule, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anakulisha, anakuvisha, lakini mwenye kauli juu yako ni mjomba. Akanikuta uani, akaona magoti yameiva kama zambarau.

"Dada! Nani kampiga mtoto?"

"Hajapigwa, kaka. Gia hiyo ya gari."

"Gia?" Sauti yake ilisikika ng'ambo ya Ruvuma, mamba wakazama. "Shemeji! Hebu njoo hapa! Mwanangu mimi umemfanya boriti ya gari?"

Baba akatoka. Huyu ni mtu aliyekuwa anagombana hata na jogoo akiwika mapema. Siku hiyo nikaona mshipa wa shingo umemsimama kama kamba, mdomo kaufunga.

"Sikiliza, shemeji," mjomba akasema. "Ama huo mkono ufupishwe, ama naondoka na mtoto, akakae kwangu Kilambo. Umezaa, sawa, tumekushukuru. Lakini mwenye mtoto ni mimi."

"Nimesikia, shemeji," Baba akajibu, anatazama miguu yake.

Tukaenda Mtwara kwa fundi wa kuchomelea. Njia nzima Baba alinisugua goti hata pale ambapo halikugongwa. Fundi akauchomoa ule mkono, akaukata juu, akaunga kipande kidogo chini ya kile kirungu kinachochezea ndani. Alisema ukikata juu tu, gia itakaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Akaurudisha. Mkono mfupi, unaugusa tu: tk! Gia imeingia.

"Kazi ndogo hii, mzee," fundi akacheka. "Miaka yote ulikuwa unangoja nini?"

Fundi alipotaka kukitupa kile kipande kilichokatwa, Baba akamnyang'anya kwa hasira kama kaibiwa.

Siku ya kumrudisha mjomba Kilambo, Mama alikaa dirishani kwa sababu hutapika. Mjomba akachungulia pale katikati. "Ahaa! Sasa mtu mzima anaenea. Wewe mtoto, nenda nyuma."

Nyuma! Mimi niliyegongwa magoti, yeye anakwenda kukalia raha yake! Nikawekwa na mifuko ya makopa ya muhogo na mbuzi wake, akaanza kunitafuna gauni kuanzia pindo. Nikalia kwa hasira mpaka mbuzi akanywea. Kwenye kidirisha nilimwona mjomba kapanua magoti yake mazima, anamgonga Baba bega: "Si unaona, shemeji? Raha!" Na Baba anazichapa zile gia kama mtu anayeua nyoka. Nikadhani kakasirikia kazi mbovu ya fundi.

Kilambo sikupelekwa kukaa, kweli. Nilibaki kwetu. Ila mbele sikukaa tena. Kila mtu mzima alishajua pana nafasi, na mtoto hawezi kumwinua mkubwa. Baba hakuwa na neno lolote juu yangu mbele ya ukoo. Alikuwa na kiti kimoja tu ambacho hakuna mwingine aliyeweza kukikalia ila mimi, nacho wakamnyang'anya.

Baba alipofariki, gari lilishakuwa banda la kuku tena. Chini ya kiti chake nikakuta kile kipande cha chuma, kimefungwa kwenye kitambaa cha gauni langu la utotoni, lile lililotafunwa na mbuzi. Hapo ndipo nilipolipata jibu la lile swali la fundi, Baba alikuwa anangoja nini.

Ninacho mpaka leo, navunjia korosho. Na juzi, baada ya kumgombeza jirani, nimekaa nikajigonga nacho goti, paa! Nikasikiliza kama kuna wa kunipa pole. Kuku tu. Nikakitupa uvunguni kwa hasira, halafu nikainama nikakitafuta.