Jinsi Nilivyoipeleka Giaboksi Tororo

Sababu ya safari yangu ni Wandera, nahodha wa mashua yetu. Baba alituachia, mimi na dada yangu Nekesa, mashua moja yenye injini kuukuu ya dizeli, na kwa miaka tisa Wandera ndiye aliyeiendesha kubeba abiria na dagaa aina ya omena kutoka visiwani hadi hapa Sio Port. Mwaka huu tuliipandisha nchi kavu kwa miezi mitatu ili mbao zizibwe. Tulipoirudisha majini, giaboksi ilikuwa imekwama. Gia haikuingia mbele wala nyuma, na shafti haikugeuka hata kwa mtaimbo. Dada yangu hana subira. Pale pale bandarini, mbele ya akina mama wauza samaki, alimwambia Wandera kwamba ameivunja kwa ubabe wake, aende zake nyumbani. Nilikuwepo. Sikuamini, lakini nilinyamaza, maana dada akiwaka hata mimi mwalimu mstaafu hugeuka mwanafunzi.

Wiki tatu zikapita. Wandera hakupata kazi nyingine, kwa kuwa nani atamkabidhi injini yake mtu aliyetangazwa hadharani kuwa mharibifu? Nikikutana na mke wake sokoni, nilijifanya natafuta kitu mfukoni. Mwishowe nilimwomba dada aniruhusu, kabla hatujaiuza giaboksi kama chuma chakavu, niipeleke Tororo kwa fundi anayesifika kwa mashine za kusaga. Akikuta jino limevunjika, Wandera ana kosa. Asipokuta, tumemwonea.

Jumanne alfajiri niliifunga giaboksi ndani ya gunia, nikaipakia nyuma ya pikipiki. Dereva aliinyanyua upande mmoja, akaniuliza kama nahamisha jiwe la kaburi.

Saa mbili tulikuwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu, lakini mtu wa miguu hapo ana bahati yake. Nilikodi mkokoteni, tukajipenyeza hadi upande wa Uganda, ambako afisa alininyooshea kidole.

"Mzee, hii ni nini?"

"Giaboksi ya mashua, naipeleka kwa fundi."

"Mpya?"

Nikafunua gunia. Alipoona makovu ya nyundo alicheka. "Hii mumepiga kama nyoka! Peleka. Lakini ukirudi, rudi na hii hii." Akaandika kwenye kitabu chake, nasi tukapita.

Kutoka hapo nilipata pikapu iliyokuwa ikirudi tupu baada ya kushusha vitunguu. Tulipopita Dabani, watu walikuwa wanaanika mihogo kando ya barabara, na kila nyumba ilionekana ina shughuli yake. Siku nyingine ningefurahia mandhari. Siku hiyo nilikuwa nawaza jino la gia, moja tu, lililovunjika na kulala ndani ya kile chuma. Hata jiwe kubwa la Tororo lilipojitokeza mbele yetu sikuliangalia mara mbili.

Saa sita mchana nilifika kwa fundi, nje kidogo ya mji. Anaitwa Mama Athieno, mjane wa makamo, mwenye ovaroli iliyofuliwa ikapauka. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji ya kunywa, akauliza habari za nyumbani. Kisha akaufungua mzigo, na upole wote ukamwisha.

"Nani napiga hii?"

"Sisi, mama. Ilikuwa imekwama."

"Nyundo hakuna fungua kitu, ssebo. Nyundo nakasirisha tu."

Alifungua kifuniko cha juu, akainamisha pua, akanusa. Akakwangua ndani kwa ukucha, ukatoka utando wa manjano, mgumu kama nta. Akanitazama.

"Wewe naweka mafuta gani hapa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kabla hatujaipandisha mashua, Wandera alikuwa ameenda matangani ukweni. Nilikuta oili imepungua, na nyumbani nilikuwa na mafuta ya mbuta, yale yanayoyeyushwa kutokana na shahamu ya samaki huyo. Nilikuwa nimeshayapaka kwenye bawaba za milango, zikanyamaza kabisa, nami nikajiona mhandisi. Nikaijaza giaboksi. Sikumwambia mtu, na wala sikuwa nimelikumbuka jambo hilo tena.

"Ya mbuta," nilisema kwa sauti ndogo.

"Ile ya kukaanga?"

"Ile ya kukaanga."

Mama Athieno alikaa chini akacheka mpaka akajifuta macho. "Hii ikikaa inakauka, inakuwa gundi! Watu ya ziwa peke yake ndiyo naweza kufanya hivi." Akamulika tochi ndani, akazunguka pole pole. "Tazama. Meno yote iko mzima. Hakuna kitu navunjika."

Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu Sio Port. Nilifurahi, na papo hapo nikaona aibu hadi masikio yakawaka.

Saa saba kazi ilianza. Jirani yake ana kilabu cha malwa, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na chungu hicho huongezwa maji moto mchana kutwa. Kwa hiyo maji moto hapo hayakosekani. Mama Athieno aliiweka giaboksi ndani ya pipa lililokatwa, akaijaza dizeli kwa ndani, na kila wanywaji walipoongezewa maji, naye akaletewa birika lake akalimimina nje ya chuma. Yakipoa, anayatoa. Hakugusa nyundo.

"Mama, hiyo chungu yako nakunywa kupita sisi!" mnywaji mmoja alipiga kelele.

Ilipofika saa kumi alizungusha kamba ya katani kwenye shafti, akavuta taratibu. Ilisogea upana wa kidole. Akamimina birika jingine, akavuta tena, na shafti ikazunguka yote, laini, bila sauti. Wanywaji walishangilia na mirija yao mkononi. Mimi nililia kidogo, sioni haya kusema.

Jumatano asubuhi nilirudi, na yule afisa akaitambua giaboksi yake. Sikupitia kwa dada. Nilienda moja kwa moja kwa Wandera, nikamweleza yote, pamoja na kunyamaza kwangu. Alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Nimekusikia, Mwalimu," alisema. "Lakini mimi sikutukanwa hapa nyumbani. Nilitukanwa bandarini. Nenda ukayaseme kule."

Nilikwenda, Wandera akinifuata nyuma. Mashua za omena zilikuwa zinashusha, akina mama wote wapo, na dada yangu katikati yao. Nilisema kwa sauti ile ya gwaride la shule kwamba aliyeharibu ni mimi, kwa mafuta ya kukaangia. Bandari nzima ikaangua kicheko.

"Mwalimu, kesho tia na vitunguu!" mama mmoja alinirushia.

Dada hakucheka. Alimwendea Wandera, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba radhi mbele yao wote. Nami nilijisikia mwepesi kuliko siku nyingi.

Nilichojifunza hakihitaji maneno mengi. Kopo la oili sasa linakaa kwa Wandera, aliyerudi kuiendesha mashua yetu, na mimi, mwenye mashua, nikitaka kuligusa naomba ruhusa kwanza.