Afande na Uzi wa Tiara

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Burma na kovu moja, mablanketi mawili na afisa Mzungu ambaye hakutoka tena nyumbani kwetu Kariakoo. Afisa mwenyewe alibaki hukohuko. Yaliyokuja ni maneno yake. Alikuwa rubani mkorofi, aliyegombana na wakubwa wake wote akisema ndege haishindi kwa mbio wala kwa ukubwa: inashinda ile inayogeuka kabla adui hajamaliza kufikiri. Mume wangu alikuwa akimfulia nguo.

Nililishwa habari hiyo asubuhi, mchana na jioni. Sambusa ndiyo ndege, sinia ndiyo anga. Chai ya wageni ilipoa wakingoja shambulio liishe. Barazani walimwita Afande Sambusa. Nilichoka, jamani.

Siku moja fundi cherehani wa jirani, bingwa wa kupambanisha matiara ya karatasi pale Mnazi Mmoja, akamwambia, "Afande, huyo Mzungu wako mlete uwanjani Jumapili." Mume wangu akaapa mbele ya wote: fundi akimwangushia tiara lake, hatamtaja tena yule afisa maishani.

Kutengeneza uzi ilikuwa kazi yangu. Nilipika gundi ya unga, nikatwanga chupa na kuzichanganya humo, uzi ukapakwa ili uukate uzi wa mpinzani angani. Safari ile chupa niliziacha. Nilitia majivu. Nilitaka kunywa chai yangu kwa amani.

Jumapili fundi alikuja vidole vyote vimefungwa vitambaa, akarusha tiara kubwa kama mlango. Watu wakamzomea mume wangu. Nilimwona kidevu kinamtetemeka, nikajuta. Nimemuuza mume wangu kwa kikombe cha chai!

Tiara la fundi likashuka kwa kasi kushambulia. La mume wangu likageuka kushoto, likapiga mbizi, likapanda. Fundi akivuta huku, mwenzake yuko kule. Mara ya nne lile kubwa likanasa kwenye mnazi, likachanika. Nilipiga vigelegele hadi koo likakauka.

Baada ya hapo nilimsikiliza afisa miaka na miaka bila kunung'unika. Nilijiona natumikia kifungo. Mume wangu alipozeeka, yuko hoi kitandani, nikamwambia, "Nisamehe, mume wangu. Ule uzi nilipaka majivu."

Akaninyooshea viganja. "Nilijua nilipoushika tu. Haukunichana hata kidole. Ungekuwa na chupa, ningemvaa fundi kwa nguvu, naye angenimaliza. Nikaona sina la kufanya ila kugeuka." Akacheka mpaka akakohoa. "Mpaka siku ile, mke wangu, hata mimi yule Mzungu nilikuwa simwamini."