Siku Walipokataa Kushika Kamba

Nakumbuka Agosti ya mwaka 1955, mwezi ambao Mzee Kasiani alipoteza mtumbwi wake. Nilikuwa msichana wa darasa la nne, na hilo ndilo darasa nililoishia, kwa hiyo utanivumilia, mwanangu, pale nitakapokosea kuandika. Aliyeuiba mtumbwi ule alikuwa kaka yangu Gaspari. Juzi tumemzika, mzee mwenye wajukuu, na wengi wenu mliokuja msibani mlimjua kama fundi wa mitumbwi tu. Asubuhi ile makaburini niliona jambo lililonikasirisha, nalo nitalisema mwishoni. Kwanza nataka mjue mlikuwa mnamzika nani.

Sitasema alisingiziwa. Aliiba. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwenye nguvu na akili timamu. Alikuta mtumbwi umefungwa ukingoni, akaufungua, akateremka nao mto hadi kambi ya wavuvi wageni, akawapa, nao wakampa baiskeli kuukuu. Akarudi nyumbani ameipanda, anapiga kengele. Kijiji chetu, upande huu wa mji mdogo wa Mbingu, hakikuwa na baiskeli nyingine isipokuwa ya katekista. Mwizi mwingine angeificha. Kaka yangu aliipigia kengele kila nyumba, na ya Mzee Kasiani pia.

Kesho yake alikamatwa. Wavuvi walikuwa wamekwisha kuhama na mtumbwi haukuonekana tena. Alichapwa viboko, akapelekwa jela Morogoro, miaka miwili.

Sasa nikueleze habari ya mtumbwi, maana wewe umezaliwa ukakuta barabara na treni. Masika yakikolea, bonde lote hili lilikuwa maji. Ukiugua, ukitaka kwenda hospitali Ifakara, njia ilikuwa mtumbwi. Na mtumbwi haukuwa kazi ya mtu mmoja. Mti uliangushwa kule msituni chini ya milima, ukachongwa hukohuko kwa tezo mpaka ndani ukawa mtupu. Kisha wanaume wote waliitwa kuuvuta kwa kamba hadi mtoni. Na hapo palikuwa na desturi yetu. Kila aliyeshika kamba siku ile, mtumbwi ule haukuruhusiwa kumwacha ukingoni maji yakija, yeye wala mke wake wala watoto wake. Haikuandikwa popote, lakini hakuna aliyeivunja. Kwa hiyo watu hawakushika kamba moja na mtu wasiyemtaka.

Masika yaliyofuata, Gaspari akiwa jela, mke wa Mzee Kasiani alishikwa na uchungu na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Aliitwa Anjela. Ndiye aliyenifundisha kusuka ukili, na mpaka leo nikisuka naanza kama alivyoanza yeye, kwa kulowesha vidole kwanza. Mitumbwi mingine ilikuwa mbali, inawatoa watu mashambani. Ulipopatikana mmoja, muda mwingi ulikuwa umepotea. Anjela alifia njiani, Ifakara bado haijaonekana, na mtoto hakutoka. Mzee Kasiani alibaki na kijana wake mdogo, Tobiasi, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Tangu siku ile watu hawakusema tena kwamba Gaspari aliiba mtumbwi. Walisema aliua.

Alirudi kiangazi cha mwaka 1957, kwa miguu, amekonda. Wazee walikuwa wamekaa nje ya nyumba ya katekista wakipiga bao. Gaspari akasimama mbele yao, akasema, "Shikamooni, wazee." Hakuna aliyeitikia. Waliendelea kuhesabu kete. Unajua, mwanangu, shikamoo isiyoitikiwa ni kitu gani? Ni kama mtu amekuambia kuwa hupo.

Sisi tulikuwa yatima, tuliolelewa na mama wa mama yetu, Bibi Skolastika. Bibi hakumficha neno. Alimpa maji ya kunywa, akangoja amalize, akamweleza kifo cha Anjela chote, tangu uchungu ulipoanza. Kaka yangu hakuwa na habari. Alikwenda mbio kwa Mzee Kasiani, akafungiwa mlango. Akarudi, akakaa chini, akalia mpaka Bibi akachoka.

"Lia," Bibi akamwambia, "lakini lia ukiwa na tezo mkononi. Machozi hayatampeleka mtu Ifakara."

Akaenda msituni. Hakuna aliyemsaidia kuangusha mti. Nilikuwa nampelekea ugali na samaki mkavu, na kila nilipofika nilimkuta anachonga, mikono imetoka malengelenge, kisha imetoka sugu. Hakuwa fundi wakati huo. Alikosea upande mmoja, ukawa mwembamba kuliko mwingine, na mtumbwi ule uliinama kidogo kushoto mpaka ulipochakaa. Kijijini walicheka. Walisema mwache achonge, tutaona atauvuta na nani.

Ulipokamilika, alipita nyumba kwa nyumba kuwaita watu. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima. Udongo wa bonde ukilowa, gogo zito linazama kwenye tope na halitoki mpaka mwaka mwingine, na mtumbwi ulioachwa msituni mwaka mzima unapasuka. Kwa hiyo ilikuwa siku ile au basi. Na kama mtumbwi ungepasuka kule, kaka yangu angeondoka. Aliniambia hivyo mwenyewe. Angerudi mjini kwa wale aliowajua jela, maana hao walikuwa wakimwitikia.

Watu walikuja. Walikuja wengi, nikafurahi, kisha nikaona kwamba wamekuja kutazama. Walisimama pembeni, wamekunja mikono. Gaspari alikuwa amepanga magogo ya kutelezea na kamba ameilaza chini, ndefu, ya kutosha kijiji kizima. Hakuna aliyeinama.

Palikuwa na mtu mmoja, Mateo, ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote na ndiye aliyekuwa akiwachekesha wenzake. Alitoa kiko mdomoni akasema, "Gaspari, piga kengele. Labda mtumbwi utakuja wenyewe."

Wakacheka. Kaka yangu akatazama chini.

Bibi Skolastika alijifunga kanga kiunoni, akaenda, akaokota kamba.

"Bibi Skola," Mateo akasema, "hiyo ni kazi ya wanaume. Utavuta kwa meno?"

"Meno ninayo mawili," Bibi akajibu. "Moja la kuvutia, jingine la kukung'ata wewe." Kisha akanigeukia. "Shika."

Nikashika. Tukavuta sisi watatu, kikongwe, msichana na mfungwa. Mtumbwi haukusogea hata kidogo. Mikono yangu iliwaka moto.

"Basi, Bibi," Mateo akasema, na safari hii alisema kwa upole. "Umejaribu."

"Sijajaribu, nimeanza," Bibi akasema. Hakupaza sauti, alikuwa hana pumzi ya kupaza. "Serikali ilimchapa, ikamfunga, ikamaliza, ikamwambia nenda nyumbani. Haya, nyumbani ni wapi? Kama si hapa, nitajieni mahali nimpeleke leo hii. Nitajie wewe, Mateo. Hujui. Mnataka aende akaibe tena ili mseme mlijua. Ataiba, ndiyo. Na mwizi huyo wa pili mtakuwa mmemchonga ninyi, kwa mikono hiyohiyo mliyoikunja."

Wakabaki wamekunja mikono. Wala hakuna aliyesogea. Sitaki udhani kwamba maneno mazuri yalitosha, mwanangu. Hayakutosha. Bibi akashika tena kamba na kunitazama, nami nikashika.

Ndipo watu wa nyuma wakapisha. Mzee Kasiani alikuwa anakuja, Tobiasi yuko begani. Alimteremsha mtoto, akamkalisha juu ya kisiki. Akaja mpaka mbele ya kaka yangu, akampa mgongo, akaokota kamba.

"Shikamoo, Mzee," Gaspari akasema.

Mzee Kasiani hakuitikia.

"Kasiani," Mateo akauliza, "ina maana umemsamehe?"

"Sijamsamehe," akasema. "Nimekuja kuvuta mtumbwi."

Mateo akabaki amesimama.

"Mke wangu alikufa kwa kukosa mtumbwi," Mzee Kasiani akasema. "Huu hapa mtumbwi. Wewe unangoja afe wa nani? Wako?"

Mateo akaweka kiko mfukoni. Akaja akashika nyuma ya Bibi, akamwambia, "Sogea, nisikukanyage," na Bibi akamwambia amkanyage aone. Wakaja wengine. Mtu mmoja akaanzisha wimbo, na kamba ikakaza. Niliusikia mtumbwi kabla sijauona ukienda. Ulilia juu ya magogo, kisha ukatoka. Jioni ulikuwa majini, umeinama kushoto. Gaspari akamwachia Mzee Kasiani upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, na mtumbwi ukawa wake. Mzee akaupokea bila kumtazama, akaenda zake.

Masika ya mwaka uliofuata Tobiasi alishikwa na homa kali. Mzee Kasiani hakuwa na mtu wa kusimama nyuma ya mtumbwi, kwa sababu yeye alitakiwa kumshika mtoto. Alikuja mlangoni kwetu. Hakubisha hodi, alisimama tu kwenye mvua mpaka Gaspari akamwona. Wakaenda wawili na mtoto, kaka yangu akisukuma upondo njia nzima. Tobiasi alipona. Wakati wa kurudi, Gaspari aliniambia, walikuwa katikati ya maji, hakuna aliyekuwa amesema neno tangu asubuhi, mara Mzee Kasiani akasema, "Marahaba."

Gaspari akadhani hakusikia vizuri. Mzee akarudia, bila kugeuka. "Marahaba. Uliniamkia kule msituni."

Kama alikuja kumsamehe, sijui. Hakuna aliyeniambia, nami sipendi kutunga. Najua kwamba walivua samaki pamoja mpaka Mzee alipofariki, na kwamba kaka yangu alichonga mitumbwi maisha yake yote na hakuiba tena.

Sasa nirudi kwenye mazishi. Mmesikia habari za Dastani, kijana aliyetoka jela mwezi uliopita. Asubuhi ile alikuja makaburini na jembe lake, mapema, akaanza kuchimba na wenzake. Mmoja wenu akamnyang'anya jembe, akamwambia akakae kule na kina mama, marehemu huyu ni mtu wa heshima, hachimbiwi kaburi na mwizi. Niliyasikia haya kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuona watamlaza kaka yangu mahali gani. Wanawake hatuendi kuchimba, najua. Bibi yangu naye hakutakiwa kuvuta kamba.

Nasaha yangu ni hii, nami siiombei ruhusa. Kijana akitoka jela, mpe kazi ya pamoja siku ileile, usingoje moyo wako upoe. Mwitikie salamu. Usijidanganye kwamba lazima kwanza umpende au usahau alichokifanya. Mzee Kasiani hakusahau. Alishika kamba hasira ikiwa kifuani mwake, na aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko sisi wote ndiye aliyeshika kabla ya Mateo na wenzake. Ninyi ambao Dastani hakuwaibia chochote mnakasirika kwa niaba ya nani? Na wewe, mwanangu uliyetoka kufungwa, ukisoma haya, usije mikono mitupu na machozi. Njoo na kitu ulichokichonga, hata kikiwa kimeinama upande. Wakicheka, waache wacheke, wewe vuta.

Mtaniita kikongwe mkaidi. Ni kweli, nimelelewa na mkaidi.

Mungu awape mikono isiyokunjika. Awape mtu wa kuitikia mnapoamkia, na awape masikio ya kusikia mnapoamkiwa. Maji yakija, asibaki ukingoni hata mmoja wenu.

Yule kijana alikuwa bado ameshika jembe la Dastani nilipomfikia. Nikanyoosha mkono, akanipa, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Nikamwita Dastani kutoka kwa kina mama. Alikuja, akasema, "Shikamoo, Bibi," nikamwitikia mpaka wote wakasikia. Nikampa jembe lake, akateremka shimoni. Wengine wakatoka, wakasimama juu, wamekunja mikono. Akachimba peke yake kwa muda mrefu, nami nikakaa juu ya udongo aliokuwa akiutoa. Kisha mjukuu wa Gaspari akavua shati, akaruka ndani na koleo, akamwambia Dastani, "Sogea huko, unanipiga na mpini." Kaburi lilikwisha kabla jua halijawa kali.