Kaa Kwanza

Juzijuzi niliitwa kuwafundisha makocha vijana namna ya kugawa dakika za kucheza. Walikuwa kama ishirini hivi, wengi wao walimu wa shule za hapa Morogoro, wamekaa kwenye viti vya plastiki na madaftari mapya mapajani. Nikawaambia ninachowaambia watu siku zote: mtoto anayekuja mazoezini anacheza. Hakuna mtoto wa kupamba benchi. Andika mgawo wako kabla ya mechi, uandike ukiwa umetulia, watoto wauone, na mechi ikianza uufuate. Kijana mmoja wa mbele akanyoosha mkono, akauliza kama hata kwenye fainali mgawo unafuatwa. Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba kwenye fainali ndiyo hasa. Wakapiga makofi. Mate machungu yakanijaa mdomoni, nikaomba tupumzike kidogo wanywe chai.

Mimi chai sikunywa. Nilizunguka nyuma ya jengo nikatema mate kwenye majani, mtu mzima na filimbi shingoni. Maana nina fainali yangu mwenyewe, na kila nikiikumbuka naona kinyaa. Wapo watakaoniambia hayo ni majuto. Sijui. Mimi naona ni kinyaa kile cha kufunua sufuria ya maharage ukayakuta yamechacha, na wewe ndiye uliyesahau kuyapasha.

Miaka hiyo nilikuwa na wasichana kumi na wawili pale Mafiga, wote wa sekondari, wa kidato cha pili na cha tatu. Tulicheza mpira wa kikapu kwenye kiwanja cha sementi iliyopasuka, goli moja lina wavu na jingine halina. Uwanjani tuliitana kwa namba za jezi, na mpaka leo nikikutana nao mjini wananiamkia nami nawaita kwa namba. Mgawo wangu niliuandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi la biskuti: robo nne za mchezo, na chini ya kila robo namba za watakaoingia. Nikalitundika boksi kwenye nguzo ya goli kwa kamba ya katani, kila mtu alione. Tulifungwa mechi nyingi kwa sababu ya boksi lile. Wazazi walinuna, mimi nikazidi kuvimba kichwa. Eti kocha mwenye haki kuliko wote mji mzima. Nilijipenda, jamani, nisifiche.

Sasa kulikuwa na Kumi na Nne. Huyu alitoka juu milimani, upande wa Mgeta, kule kwa njegere na kabichi. Baba yake ni mkulima, mtu wa kanisa, na alikuwa amemshusha mjini akae kwa shangazi yake Mafiga asome. Mazoezini alifika wa kwanza kila siku, na fagio la chelewa mkononi, akifagia mchanga ili wenzake wasiteleze. Kufunga hakujua sana. Lakini mpira ukigonga ringi ukarudi, yeye ndiye aliyeupata. Hakukurupuka kama wengine. Alijisogeza taratibu mahali utakapoangukia, akanyoosha ile mikono yake mirefu, akaudaka. Jambo hilo huwezi kumfundisha mtu. Nililiona wiki ya kwanza kabisa, na nililijua vizuri siku ile ninayoisimulia.

Mwaka ule mume wa shangazi yake akahamishiwa kazi Kisaki, kule reli inakopita. Nyumba ya Mafiga ingefungwa mwisho wa muhula, na huko Kisaki walikuwa wamepewa chumba kimoja wakae na watoto wao wanne. Baba akasema basi mtoto atarudi nyumbani mlimani. Kila mmoja wetu alijua maana ya kurudi: jembe, mama mgonjwa wa kuuguza, na shule ya mbali ambayo wasichana wengi waliianza wakaishia njiani.

Ndipo tukasikia kwamba mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni kule Dar es Salaam atakuja kuangalia fainali ya vijana pale Mazimbu, na atachagua wasichana watatu wakasome kwao na kucheza, bure. Siku ya pili yake shangazi mtu akaja nyumbani kwangu. Hakukaa hata kwenye kiti. Aliniambia hataki mtoto apendelewe. Anachoomba ni aonekane, maana asipoonekana siku hiyo ndiyo basi tena. Mimi nikajaa ukuu. Nikamtolea boksi, nikamwonyesha kwa kidole: robo ya tatu yote, dakika kumi, Kumi na Nne.

“Robo ya tatu ni yake,” nikamwambia. “Mimi sibadilishi.”

Fainali ilikuwa Jumamosi asubuhi. Baba yake alishuka na lori la mboga alfajiri, akafika uwanjani kabla yetu, amevaa koti la kanisani lenye vumbi mabegani, na kapu la njegere miguuni. Alikaa upande wa pili wa uwanja, ng'ambo ya benchi letu, peke yake juani. Binti yake akamwonyesha kwa mbali jezi yake, namba iko mgongoni. Akampungia mkono. Yule mwalimu wa Dar, mama mmoja mkimya mwenye daftari la jalada jekundu, alikuwa kwenye meza ya wahesabu pointi.

Timu ile tuliyokutana nayo ilikuwa haijawahi kufungwa na sisi hata mara moja. Lakini siku hiyo mpira ulitukubali. Tukaenda mapumziko tunaongoza kwa pointi mbili, na hapo ndipo shetani akanikalia begani. Nilikiona kikombe pale mezani, cha bati tu, kimefungwa utepe, nikakitaka. Sijui niseme vipi nieleweke. Nilikitaka kama mtoto anavyotaka andazi la mwenzake.

Nyuma ya benchi alikaa mama wa nahodha wetu, aliyetuletea machungwa yaliyomenywa na maji ya baridi kila mechi. Mapumziko yakikaribia kuisha akaniinamia sikioni akasema leo nisifanye majaribio. Miaka yote hii nimejaribu kumsingizia huyu mama na haiwezekani. Nilikuwa nimeshaamua kabla hajafungua kinywa, na nilifurahi aliposema, nikapata mtu wa kumtupia lawama.

Filimbi ya robo ya tatu ikakaribia. Kumi na Nne alikuwa ameshavua fulana ya juu, amefunga kamba za viatu mara mbili, amesimama mbele yangu. Boksi alilijua kwa moyo.

“Kaa kwanza,” nikamwambia.

Akakaa. Boksi nilikuwa nalo mkononi. Nikaliweka kwenye benchi, nikalikalia. Naam, nililikalia, mgawo wangu wa haki, watoto wasilione. Lilikuwa linanichoma mapajani robo nzima na sikunyanyuka.

Wakati huo tulikuwa tunapoteza mipira yote iliyorudi kutoka ringini. Yote. Wasichana wangu walikuwa wanaruka ovyo na wapinzani wanaokota. Aliyejua kazi hiyo alikuwa amekaa sentimita chache kutoka kiwiko changu, mikono imelala juu ya magoti. Niliona, na nikajitia sioni, kwa sababu nahodha alikuwa anafunga na niliogopa kugusa kitu. Ati kocha. Mtu anaogopa boksi lake mwenyewe.

Robo ya nne ilipofika hakusimama tena. Alinigeukia tu, akaningoja. Nikamwekea mkono gotini, nikampapasa kidogo, kama mtu anavyomtuliza mbuzi kabla ya kumfunga kamba. Nikasema tena neno lile lile. Sijui kwa nini niliongeza “kwanza” mara zote mbili. Hakukuwa na baadaye yoyote, nami nilijua.

Nahodha akawasha moto, akafunga, akafunga tena, na zikiwa zimebaki sekunde arobaini tukawa mbele kwa pointi kumi na moja. Mechi imekwisha, hata vipofu wameona. Hapo ndipo nilipofanya uchafu unaozidi mwingine wote. Nikamgeukia nikamwambia aingie. Nilitaka nije niseme kwamba kwangu kila mtoto alicheza. Hiyo tu. Nikamtoa mtoto wa watu kwenye benchi ili nisafishe jina langu.

Aliingia mbio. Akakimbia upande mmoja, akarudi upande wa pili, hakuna aliyempa mpira kwa sababu wenzake walikuwa wameshaanza kucheka na kukumbatiana. Alikuwa anajisogeza mahali pake chini ya goli, mikono juu, filimbi ya mwisho ikalia. Uwanja mzima ukasimama. Vigelegele, chupa tupu zinarushwa, mama wa nahodha amenikumbatia kwa nyuma ananilowesha na maji ya baridi. Na mimi nilicheka. Nimeiona picha, nimecheka mpaka magego.

Mwalimu wa Dar akatangaza watatu wake: nahodha wetu, na wawili wa timu ile nyingine. Shamrashamra zilipopungua nikamfuata mezani. Nikamsifia Kumi na Nne, nikamwambia hajaona mdakaji kama yule, nikapanga maneno kama muuza nguo za mtumba anayekimbiza mteja. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akafunua daftari lake, akalifunga.

“Kama ni mzuri hivyo, mwalimu,” akaniuliza, “kwa nini alikaa?”

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli, akangoja nijibu. Nilisema kitu kuhusu majeraha, kuhusu kumpumzisha. Nilidanganya pale na midomo ikinata. Akanishukuru, akakusanya vitu vyake, akaondoka na gari lililokuwa linamngoja. Nilipogeuka kurudi kwenye benchi nikaona boksi limenigandia nyuma ya suruali kwa jasho, nimetembea nalo mbele za watu muda wote huo. Mtoto mmoja akalibandua akanipa. Namba zilikuwa zimefutika nusu.

Kisha nikamwona baba yake Kumi na Nne anavuka uwanja kuja kwangu, kapu mkononi, binti yake nyuma na viatu ameshavivua. Alikuwa amenizidi umri si haba, nywele zote nyeupe, vidole vya mtu aliyelima matuta ya ngazi mlimani maisha yake yote. Akaweka kapu chini, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, mwalimu.”

Na mimi, nikiwa bado sijui la kufanya na uso wangu, nikaitikia marahaba. Nikaipokea shikamoo ya mzee wa watu, kama vile ninastahili. Hata sasa nikiandika nasikia sauti yangu ikiitikia, tamu kabisa, na natamani kujizaba kibao.

Akaanza kunishukuru kwa Kiswahili chake cha mlimani, kinachopanda na kushuka. Kwamba mpira huu yeye haujui, lakini macho anayo. Kwamba watu wengine wote walihangaika juani na kusukumana, mwanawe peke yake nilimweka karibu yangu tangu mwanzo, nikamshika na goti kama mwanangu.

“Na mwisho kabisa ukamtuma yeye akamalize,” akasema, “na watu wote wakasimama. Nimeona mwenyewe.”

Nikamtazama binti. Nilimtazama nikimwomba, Mungu anisamehe, sijui nikimwomba aseme ama anyamaze. Alikuwa ameshika viatu kwa kamba, vinaning'inia.

“Ndiyo, baba,” akasema.

Nafasi ya kusema ilikuwa pale, wazi kama mlango. Mzee, mwanao nilimnyima. Mzee, wale watu hawakusimama kwa ajili yake. Maneno machache tu. Badala yake nikamshukuru kwa njegere. Nilizipeleka nyumbani, nikazimenya jioni hiyo, nikazipika kwa nazi. Sufuria nzima nikawapelekea kuku wa jirani.

Zilibaki wiki mbili shangazi yake ahame. Sikutegemea kumwona tena kiwanjani, lakini Jumanne ile nilipofika mazoezini alikuwa ameshafagia. Nikajifanya mtu mwema. Nikaandika boksi jipya la mechi ya mazoezi, nikaiweka kumi na nne kwenye robo zote, ya kwanza mpaka ya nne, kwa maandishi makubwa kuliko ya wengine. Nikalitundika. Wenzake wakalisoma. Yeye alilisoma pia, akaenda kukaa kwenye benchi.

Nikamfuata. Nikamwambia leo anacheza mechi nzima, ainuke, avae viatu. Hakuwa amenuna wala hakuwa analia. Alinijibu kwa heshima, kama anavyojibiwa mwalimu.

“Nitakaa tu, mwalimu. Baba ameshawaambia watu wote kanisani kwamba huwa nakaa karibu na wewe.”

Halafu akasogea mwisho wa benchi, akaniachia nafasi.