Treni Isiyosimama

Mama Geti alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe, na ukali wake mwingi aliuweka akiba kwa ajili ya treni ya jirani. Kazi yake ilikuwa kufunga geti pale barabara inapokatana na reli. Treni za nyumbani zilipita kwa adabu. Ile ya nchi kubwa ya jirani ilikatiza kwetu kwa mkataba wa zamani: haisimami, haikaguliwi, na kengele yake ikilia, geti hufungwa mpaka ipite, hata ikichelewa vipi. Siku ya uhuru wenyewe ilipita ikipiga honi katikati ya wimbo wa taifa, na wakubwa wetu wakajifanya viziwi. Mama Geti alitema mate relini.

"Uhuru gani huu," alizoea kusema, "wa kuomba ruhusa kuvuka barabara yako mwenyewe?"

Asubuhi moja kengele ililia, akafunga. Treni haikutokea. Foleni ikarefuka, madereva wakamtukana, naye akawarudishia matusi yao pamoja na chenji. Kisha teksi ikajipenyeza hadi mbele. Ndani yake alikuwamo bintiye, mimba ya kwanza, uchungu umemkaza na damu imelowesha kiti. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya reli.

Honi ikasikika kwa mbali. Sheria aliijua vizuri, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alinyakua bendera nyekundu, akakimbia kuielekea treni, akasimama katikati ya reli akiipunga. Breki zikasaga. Treni isiyosimama ikasimama. Dereva wake alichungulia akamwita kichaa.

"Ngoja zamu yako," Mama Geti alimjibu, kisha akarudi kufungua geti, na teksi ikapita.

Mjukuu alizaliwa salama. Jirani akawaka moto, akatishia kufunga mpaka, na waziri wetu akapanda ndege kwenda kuomba radhi. Kesho yake mkuu wa stesheni alifika kibandani kuchukua bendera na funguo. Hakuthubutu kumtazama machoni.

"Nielewe, mama. Wale jamaa wamekasirika sana."

"Wale hawajanifukuza," Mama Geti alisema, akamtupia funguo miguuni. "Wangenifukuza wao, ningejivuna mpaka kaburini. Mmenifukuza nyinyi."

Mkuu wa stesheni akainama kuziokota.